Usukani wa kiwandani, mabega ya Buruburu

Aliyechora usukani wa pikipiki yako hakuwahi kukuona. Alikuwa na vipimo vya mtu wa kadiri, mwenye mikono ya kadiri na mgongo wa kadiri, akampangia kiti, vikanyagio na mahali pa kushika. Ukitokea kuwa na kimo hicho, heri yako. Wengi wetu tunapungua hapa na kuzidi pale, na kwa safari ya kutoka Buruburu hadi katikati ya jiji la Nairobi jambo hilo halina uzito wowote. Unashika Jogoo Road, unapenya kati ya matatu, unafika, unajinyoosha, unasahau.

Sasa funga mabegi nyuma, jaza tangi, uelekee kaskazini. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni zaidi ya kilomita 500, na tangu lami ikamilike mtu anaweza kukaa kwenye gia moja na mwendo mmoja hadi akachoka kuhesabu ngamia. Huko ndiko sentimita tatu za usukani zinakojulikana. Kwanza ni joto dogo kati ya mabega, unalipuuza. Kisha shingo inakuwa ngumu. Ukikaribia Laisamis kidole cha mwisho na jirani yake vimekufa ganzi kwa sababu kiganja kimeukandamiza mshipa wa fahamu unaopita upande ule, na unaanza kuendesha kwa mkono wa kulia peke yake huku wa kushoto ukiupumzisha pajani. Mtu anayeishikilia pikipiki ya zaidi ya kilo 200 kwa mkono mmoja katika upepo wa Marsabit hazungumzii tena starehe.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kubadilisha usukani wa pikipiki ya safari ni kazi ya mwenye pikipiki. Aifanye mwenyewe, nyumbani kwake, na mitaa kama Buruburu iache kumtazama kama mtu aliyehamishia gereji mlangoni pa watu.

Tuanze na wanaojua. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 katika bajeti ya 2007/2008, ilifungua mlango kwa Boxer, TVS na ndugu zao wote, na kwa vijana waliokuja kuketi juu yake kutoka alfajiri hadi usiku. Kwa mtu wa bodaboda mwili ndio mtaji, kwa hivyo hangoji mtaalamu amwambie pikipiki haimfai. Pita kwenye stage yoyote kati ya Mutindwa na Mumias South Road, utazame kwa makini. Huyu ameurudisha usukani nyuma kidogo ili viwiko vilegee. Yule ameshusha leva za klachi na breki zikawa sambamba na mkono wake. Mwingine ameivisha mikono ya usukani mifuko ya ngozi kwa ajili ya baridi ya saa kumi na moja. Spana iko chini ya kiti, na kazi hufanywa mteja akingojewa. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini leva zake zimelala vile, akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa viatu. "Mkubwa, si mkono unachoka?"

Umtazame sasa mwenye pikipiki kubwa. Amelipa bei ya gari. Amenunua mabegi ya alumini, jaketi lenye vilinzi vya viwiko, kamera ya kwenye helmeti. Usukani ni uleule aliotoka nao dukani, na katika mfuko wa jaketi kuna tembe za maumivu. Ukimuuliza, atakwambia anaogopa kuiharibu. Wanawake wanaoendesha pikipiki kubwa jijini wameongezeka, wana hata klabu zao kama Inked Sisterhood, na vipimo vya yule mwanamume wa kadiri haviwafai wengi wao tangu siku ya kwanza. Lakini nao huambiwa na wauzaji kwamba "utazoea". Mwili hauzoei. Unavumilia tu, kisha siku moja unakulipisha.

Hofu ya kugusa pikipiki si ya watu wote. Nenda Karen, pale Jungle Junction, ambapo wasafiri wanaovuka Afrika kwa magari na pikipiki wamekuwa wakipumzika kwa miaka mingi. Utamkuta mtu aliyetoka Ulaya amekaa chini, sehemu za mbele za pikipiki yake zimetandazwa kwenye kipande cha turubai, na hakuna anayemuuliza kama fundi wake amesafiri. Wasafiri wa aina hiyo wamekuwa wakipita kwetu tangu zamani. Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 na Triumph ya cc 500, akateremka Afrika akipitia Kenya, akaizunguka dunia kwa miaka minne, na sehemu kubwa ya safari ile ilikuwa ni kufungua na kufunga chuma kando ya barabara. Ewan McGregor na Charley Boorman walipopita hapa mwaka 2007 walikuwa na magari ya kuwasaidia na kamera za televisheni, na bado mikono ilichafuka. Kwa mgeni tunaita jambo hilo ujasiri. Jirani akilifanya kwenye maegesho ya koti yetu, yaani ua wa pamoja wa nyumba zetu, tunasema ameishusha hadhi ya mtaa.

Nadhani chanzo kiko katika namna Buruburu ilivyozaliwa. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, awamu baada ya awamu hadi ya tano, kwa ushirikiano wa serikali, Baraza la Jiji na shirika la Uingereza la Commonwealth Development Corporation, na nyumba zikauzwa kwa mikopo ya kulipwa polepole. Waliolengwa walikuwa watu wa mshahara: karani, mwalimu, afisa wa benki. Nyumba za vigae zilipangwa kuzunguka koti, na koti ikapewa maegesho ya pamoja. Mchoraji alimfikiria mtu anayeegesha gari, labda anayeliosha. Anayelifungua hakuwa kwenye ramani. Huko Maringo na Jericho, nyumba za kupanga za baraza, kazi za mikono zilikuwa zikifanywa hadharani nje ya mlango, na kuhamia Buruburu kulikuwa pia ni kuyaacha hayo nyuma. Grisi kwenye kucha ilikuwa ishara ya ulikotoka.

Na bado sijui mtaa mwingine Nairobi uliorekebisha kazi ya mchoraji wake kama huu. Nyumba ya familia moja imeota duka mbele na ghorofa ubavuni. Chumba cha mfanyakazi kimekuwa bedsita, bedsita imekuwa kinyozi. Mumias South Road imejaa fremu za biashara mahali palipokuwa ua. Halafu kuna nganya, yaani matatu za namba 58, zilizochorwa kutoka boneti hadi taa za nyuma, zenye skrini na muziki wa kutikisa kifua, ambazo watoto wa Buru huzitaja kwa majina na kuzionea fahari. Mtaa wa namna hiyo hauna haki ya kushtuka mtu akibadilisha bomba la sentimita themanini.

Tuingie kwenye kazi yenyewe, maana hoja isiyoshika spana ni porojo. Kazi ni ya asubuhi moja. Kinachochukua muda ni kupima. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, ukae juu yake na jaketi lako la safari, ufumbe macho, uteremshe mabega, kisha uinue mikono hadi pale inapotaka kukaa yenyewe. Mtu wa nyumbani apime kwa rula umbali kutoka ngumi zako hadi mahali usukani ulipo. Mara nyingi utaona ngumi ziko juu kwa sentimita mbili au tatu na nyuma kwa kiasi kama hicho. Hicho ndicho unachonunua. Picha za kwenye simu na sifa za marafiki hazipimi mkono wako.

Kisha kuna unene. Kwa pikipiki nyingi za Japani na India, bomba la usukani lina kipenyo cha milimita 22 mwanzo hadi mwisho. Nyingi za safari za siku hizi hutumia bomba nene la milimita 28.6 pale linapobanwa katikati, likipungua hadi 22 mikononi. Harley-Davidson ina desturi yake ya inchi moja, yaani 25.4. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, kuna muuzaji atakayekuapia kwamba zote ni saizi moja na kilichozidi kitajazwa kwa kipande cha mkebe wa soda. Mshukuru, uondoke. Usukani unabanwa na boliti nne tu, na kati ya boliti hizo na maisha yako hakuna mahali pa mkebe.

Upana nao una siasa zake. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo, ukitaka kwenda kulia unausukuma mkono wa kulia mbele, nayo inalala upande huo. Wengi hufanya hivyo bila kujua. Usukani mpana huongeza nguvu ya msukumo huo, na kwenye mchanga au upepo wa ubavuni unaona faida yake mara moja. Lakini pikipiki hiyohiyo itarudi Nairobi, na nafasi kati ya matatu mbili pale City Stadium haijali kwamba ulikuwa kwenye jangwa la Chalbi wiki jana. Kimo vilevile: usukani wa juu hukufanya ukae wima, na kifua kilichokaa wima hukinga upepo wote. Si bure kwamba eneo la Loiyangalani kulisimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo. Nimeona watu wakiinua usukani hadi wakawa wameketi kama wako mezani wakisubiri chakula, halafu wakalalamika kwamba pikipiki inayumba. Haiyumbi yenyewe. Wao ndio wanaoiyumbisha kwa kuning'inia kwenye mikono upepo unapowasukuma nyuma.

Baada ya hapo ni mikono. Piga picha za kila kebo na waya kutoka pande zote kabla ya kulegeza chochote, kwa kuwa saa tatu baadaye utabishana na kumbukumbu yako. Tandika blanketi nzito juu ya tangi. Toa vioo, toa vizito vya nchani. Mpira wa mkono wa kushoto huwa umegandishwa: ingiza bisibisi nyembamba isiyo na makali, upulize maji ya sabuni ndani, uuzungushe hadi uachie. Usitumie oili, kwa sababu itabaki mle na mpira mpya utakuwa ukizunguka mkononi.

Masta ya breki ya mbele ndiyo inayowaogopesha wengi, na kwa kweli inahitaji adabu moja tu: kikopo chake kisimame wima wakati wote. Usifungue bomba la mafuta. Fungua kibanio, uinue masta na bomba lake, uifunge kwa kamba kwenye kioo cha upepo au mahali pengine imara. Ikilala, hewa huingia kwenye mfumo, na leva itazama hadi kwenye mpira badala ya kushika. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakimwagika kwenye rangi, yaoshe kwa maji mengi papo hapo. Hula rangi bila haraka, na utaliona doa wakati tayari umeshajipongeza.

Sasa tunafika penye utata wa kazi hii, jambo ambalo video za dakika kumi hulipita mbio. Ndani ya nyumba ya swichi, kushoto na kulia, mara nyingi kuna kijino kidogo. Kijino hicho huingia kwenye tundu lililotobolewa kwenye usukani, ili swichi isizunguke unapobonyeza honi au kuvuta mafuta. Usukani mpya wa dukani huja mzima, bila tundu. Hapo watu hugawanyika. Wengi hukata kile kijino kwa tupa na kuendelea na maisha. Mimi nawapinga bila kusita. Boliti mbili ndogo za swichi hazikuumbwa kushindana na mkono uliovaa glavu, na siku nyumba ya upande wa kulia itakapozunguka pamoja na mkono wa mafuta, huenda uko kwenye mteremko wa Mai Mahiu na lori mbele yako.

Toboa tundu. Funga usukani mpya kwa muda bila kuukaza, weka swichi na leva, ukae juu, ugeuze hadi vidole vilale kwenye leva bila kifundo kukunjika. Weka alama. Zungushia utepe wa karatasi, piga alama ya kati kwa msumari mgumu ili drili isiteleze, uanze na drili nyembamba, kisha ile inayolingana na kijino, aghalabu milimita nne au tano. Lainisha ukingo kwa tupa. Tundu moja dogo mahali sahihi halina neno. Matatu yaliyokosewa na kurudiwa karibu karibu yameuchosha usukani huo, nunua mwingine.

Kwenye vibanio vya katikati, tafuta kitone au mshale. Vibanio vingi hufungwa kwa kukaza kwanza boliti za mbele hadi zikutane, halafu za nyuma, na mwanya mdogo unaobaki nyuma si kosa. Kitabu cha pikipiki kitasema nguvu ya kukazia. Kwa nyingi ni kati ya Nm 20 na 28. Spana ya kupimia nguvu inaweza kuazimwa. Mkono wa mtu aliyekasirika hauna kipimo, na uzi wa alumini ukishaliwa, umeliwa.

Kilichobaki ni kuhakikisha hakuna kitu kilichovutika. Washa injini, iache isage taratibu, ugeuze usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Sauti isipande hata kidogo. Ikipanda, kebo ya mafuta ni fupi au imekaa vibaya, maana yake siku utakayogeuka mahali pembamba pikipiki itajiongezea mafuta yenyewe. Klachi ibaki na ulegevu wake kwenye leva pande zote mbili. Bomba la breki lisikazike kama uzi wa gita. Mkono wa mafuta ukiuachia urudi wenyewe kwa mlio wa tak. Ukisita, mara nyingi mpira mpya unasuguana na kile kizito cha nchani, usogeze ndani milimita mbili. Ndipo utoke, polepole, uzunguke Phase 5, urudi, ukaze tena.

Kama kipimo chako kilikuwa sentimita mbili tu kwenda juu, huenda huhitaji usukani mpya kabisa. Kuna vipande vya alumini vinavyowekwa chini ya vibanio na kuuinua usukani wa zamani, na kwa kawaida kebo hufika bila shida. Ni rahisi na si ghali, ila hakikisha boliti ndefu zilizokuja navyo ni za chuma kigumu. Wauzaji hupenda kuwauzia watu usukani wote. Mimi ningeanza na vipande.

Kuna njia moja ya mkato ambayo sina subira nayo. Ni ile ya kupeleka usukani wa zamani kwa mchomeleaji ili auongezee kipande katikati. Jua kali wetu wana ujuzi ambao nchi hii inauegemea kila siku, na geti la nyumba yangu ni ushahidi. Lakini geti halitikiswi kwa saa nane mfululizo. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma cha jirani na mshono, ufa huanzia hapo chini ya kromu ambapo jicho halifiki, na usukani hukatika pale pale unapouhitaji, yaani ukigonga shimo. Vivyo hivyo kwa usukani wa alumini ulioanguka vibaya ukapinda: usinyooshwe. Chuma cha kawaida hupinda kikakuonya. Alumini inaweza kuficha ufa wake hadi siku ya siku.

Nitaambiwa kwamba ninawanyang'anya mafundi mkate. Hapana. Kebo ndefu zaidi lazima mtu azitafute au azitengeneze, bomba refu la breki linataka mfumo kutolewa hewa, na kwenye pikipiki yenye ABS kazi hiyo mara nyingi huhitaji kompyuta. Hapo mpe fundi pesa yake bila kubishana. Lakini mtu aliyewahi kufungua masta kwa mikono yake huenda kwa fundi akiwa na maswali, na fundi mzuri humpenda mteja wa namna hiyo. Anayemchukia ni yule aliyekuwa akitegemea usijue kwamba kijino kilikatwa.

Nitaambiwa pia kwamba usukani ni kitu cha usalama, kisiachwe mikononi mwa watu wa kawaida. Wajerumani wanafikiri hivyo. Kwao huwezi kufunga usukani tofauti bila kibali kinachoambatana na kifaa chenyewe, au bila wakaguzi kama TÜV kuuona na kuuandikisha. Ni utaratibu unaoheshimika, na una wakaguzi wa kuutekeleza. Marekani nako mjadala umekwenda upande mwingine: mwaka 2022 tume yao ya biashara, FTC, iliichukulia hatua Harley-Davidson kwa masharti ya dhamana yaliyowatisha wateja kwamba wakitumia vipuri vya wengine watapoteza dhamana. Sisi tuna Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inayodai chombo kisiwe katika hali ya kuhatarisha watu. Kwangu hilo linatosha kwa usukani, mradi mwenye bima kubwa aiandikie kampuni yake kueleza alichobadilisha, na atunze nakala. Kuunda kibali kipya leo kungezaa foleni nyingine na karani mwingine wa kupigia mhuri usukani asioupima.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la majirani. Koti ni ya wote, watoto wanacheza pale, na kila mtaa una mtu mmoja aliyemwaga oili chafu kwenye mtaro akaacha injini juu ya matofali tangu Krismasi. Huyo ndiye aliyetuletea matangazo ya getini yanayokataza "matengenezo yoyote". Lakini usukani haumwagi oili. Hauna kelele kuzidi redio ya Jumapili. Kuuweka katika kapu moja na kushusha injini ni uvivu wa kamati.

Hoja yangu kwa kamati hizo ni fupi. Jumamosi, saa tatu hadi saa saba, kwenye maegesho ya mwenyewe, ruhusuni kazi za spana: usukani, cheni, pedi za breki, balbu. Kumwaga oili, kuchomelea na kupiga rangi ziende Kariobangi Light Industries zinakofaa. Atakayeacha uchafu atozwe faini. Wazee watakaopinga kwanza wakumbushwe Datsun na Peugeot 504 zao, enzi ambazo mwenye gari alisafisha plagi mwenyewe na kurekebisha pointi kabla ya safari ya ushago, na hakuna aliyemwita fundi wa kando ya barabara. Wengi wao bado wana zile seti za spana kabatini, namba zake zote, hakuna iliyopotea. Kijana wa nyumba ya pili amekuwa akitafuta ya kumi na mbili tangu asubuhi.